Siku Tatu Nyika ya Taru kwa Maji Tuliyoyabeba



Baadhi yenu mlipita mbele ya nyumba yetu hapa Diani mwezi wa saba, mkatukuta tumezungukwa na mbao, nyaya na viti vilivyong'olewa, mkatuuliza kama tumeingia katika biashara ya matatu. Gari lilikuwa matatu kweli, la abiria 14, lililochoshwa na njia ya Likoni na Ukunda, nasi tulilinunua kwa bei inayolingana na uchovu wake. Fundi wa Ukunda alitutolea viti, akatujengea kitanda cha mbao kinachokunjika, akaweka tangi la maji la lita 100 chini ya kitanda, pampu ndogo ya kuyavuta, betri moja kubwa na paneli ya sola juu ya paa. Watoto wakalipa jina la nyumba ya magurudumu, na jina likashika.

Fikra yenyewe ilitoka mbali. Binamu yetu aliyehamia Maskati hutuletea picha kila msimu wa baridi, wakati familia za huko zinapofunga mizigo na kwenda kulala jangwani, katika michanga ya Wahiba, kwa siku mbili tatu. Huwasha moto, hupika, huswali chini ya nyota, kisha hurudi mjini wakiwa na mchanga masikioni. Marekani nako wapo wanaokwenda na magari makubwa zaidi ya hili letu kwenye jangwa la Arizona, wakakaa wiki nzima pasipo mfereji wala waya wa umeme. Sisi tulijiuliza: hivi pwani yetu ya kusini haina jangwa lake?

Kwanza tulijaribu gari kwa usiku mmoja ufuoni Msambweni, mahali penye mfereji, soketi na choo cha kupangisha. Ulikuwa usiku mzuri, lakini haukutufunza chochote. Ukiwa umechomeka waya kwenye ukuta wa mwenyewe na mpira wa maji kwenye mfereji wake, umelala nyumbani ila kwa godoro jembamba. Kulala kwenyewe ni pale ambapo maji uliyonayo ni yale uliyoyabeba.

Jangwa tunalo, na limo ndani ya kaunti yetu hii hii. Wengi wetu tukisema Kwale tunawaza minazi, mikorosho na bahari, tukasahau kwamba ukivuka vilima vya Shimba kuelekea Kinango, mvua hupungua kwa kila hatua, na ukifika Samburu, Taru na Mackinnon Road umeingia Nyika yenyewe: migunga, mibuyu iliyovua majani, mkonge wa porini na udongo mwekundu unaoingia hadi kwenye meno. Misafara ya kale iliyotoka Mombasa kwenda bara iliiogopa sehemu hii kuliko nyingine. Wapagazi waliyategemea mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua, yaitwayo ngurunga, na aliyeyakuta yamekauka alikuwa na mwendo wa kiu mbele yake. Mzungu Joseph Thomson alipita humo mwaka 1883 akaielezea kwa uchungu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, vibarua walipoingia Taru ilibidi maji yao yaletwe kwa treni kutoka nyuma. Kituo kimojawapo cha reli hiyo hadi leo kinaitwa Maji ya Chumvi, na jina hilo halihitaji maelezo.

Tulikuwa watu sita: sisi wawili, watoto watatu, na Bibi, ambaye ana miaka 74 na ambaye tulidhani atakataa. Hakukataa. Alisema amezaliwa Msambweni, ameishi akinusa bahari kila siku ya maisha yake, na angependa kuona mahali isikofika harufu yake.

Wiki moja kabla ya safari tulifanya jaribio dogo nyumbani. Tuliweka karai chini ya mfereji, kila mmoja akatawadha kama kawaida yake, kisha tukapima kwa chupa. Kijana wetu wa miaka 11 alimaliza lita sita na nusu. Baba yake hakuwa mbali naye. Aliyetumia kidogo alikuwa Bibi, kwa kuwa yeye hadi leo hutawadha kwa kopo. Na sote tumefundishwa madrasa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja, na akikoga kwa pishi ya mudi nne au tano. Tulikuwa tumeyahifadhi hayo kwa ulimi tu.

Basi tukapiga hesabu. Kunywa na chai, lita nne kwa kila mtu kwa siku, jumla 24. Kupika na vyombo, 12. Udhu wa watu watano kwa kipimo cha mudi, lita 19 au 20. Ukiongeza kunawa uso na yasiyotarajiwa, lita 60 kwa siku. Siku tatu, 180. Tulibeba 200: tangi la lita 100, na mitungi mitano ya lita 20 iliyofungwa kwa kamba nyuma ya viti vya mbele. Lita 20 za ziada tuliziwekea nadhiri kwamba ni za rejeta ya gari na hazitaguswa.

Kuhusu umeme hatutawachosha. Betri ilitosha taa mbili, simu na pampu. Friji ndogo tuliizima usiku. Binti yetu mkubwa alibeba birika la umeme kwa siri, na alipolichomeka kila kitu kilizimika kwa sekunde chache. Hilo nalo likawa somo lake. Kuhusu haja, tulibeba koleo, turubai la kusitiri na ndoo ya majivu, tukachimba mbali na gari na mbali zaidi na mkondo wa maji uliokauka. Wazee wetu walijua istinjai ya mawe kabla ya mabomba, na Bibi aliwaeleza wajukuu jambo hilo kwa ufasaha ambao hatuwezi kuuandika hapa.

Tuliondoka Ijumaa baada ya Swala ya Alfajiri, mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa na upepo wa kusi ukivuma. Tulipita barabara ya Dongo Kundu, tukaikwepa feri ya Likoni, tukatokea Miritini, kisha Mazeras na Mariakani. Tulipitiliza kwanza hadi Mackinnon Road, tukaswali Ijumaa katika msikiti ulio kando ya reli, lilipo kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye masimulizi ya wenyeji humhusisha na ujenzi wa reli ile. Madereva wengi wa njia hiyo husimama hapo kuswali kabla ya kuendelea. Nasi tulijaza tena mtungi tuliokuwa tumeanza kuunywa, tukarudi nyuma kuelekea Taru, tukaiacha lami.

Jambo moja tunalisisitiza kwa anayetaka kutufuata: Nyika si pori lisilo na mwenyewe. Kila mahali panapoonekana patupu ni malisho ya mtu, au ni njia ya ndovu watokao Tsavo. Sisi tulikuwa tumekwisha kuomba ruhusa kupitia kwa jamaa wa Kinango, na tulipofika tulikwenda kwanza kumwamkia mzee wa boma, Mduruma wa makamo ya Bibi. Alitutembeza akatuchagulia mahali yeye mwenyewe. Tulikuwa tumelitamani lambo lililokuwa na maji machache ya rangi ya chai, kwa kuwa palikuwa na kivuli. Akatuambia, "Hapo mnaweza kukaa mchana. Usiku pana wenyewe." Tukaelewa. Tulipiga kambi juu kidogo, chini ya mbuyu, kilomita moja hivi kutoka bomani kwake.

Usiku wa kwanza ulikuwa ndio ule tulioufuata. Tulikula samaki wa kukaanga tuliobeba kutoka Diani na chapati za Bibi, tukanywa kahawa kwa tende. Kisha taa tukazizima. Watoto wetu wamezaliwa karibu na hoteli, na hawakuwa wameona giza halisi. Walinyamaza kwa muda ambao hatujawahi kuwaona wakinyamaza. Kijana akauliza kibla tutakijuaje bila simu, Bibi akacheka. Huku kwetu pwani, alisema, watu wa kale walisema kibla wakimaanisha kaskazini, na hawakukosea, kwa kuwa Maka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Alimwonyesha Msalaba wa Kusini ukiwa umeinamia magharibi, akamwambia, "Wape mgongo hao, nyoosha kidogo, utakuwa umeelekea." Kabla ya Alfajiri alituamsha tumwone Suheli akiwa amepanda upande wa kusini, nyota ambayo Waarabu wa Ghuba huingojea mwezi huo kama dalili ya joto kuanza kupungua, na Kilimia juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa tumekaa na mwanamke huyu miaka yote hiyo bila kujua kwamba anasoma mbingu.

Usiku huo huo aliwasimulia wajukuu kisa cha kidani cha Bibi Aisha: jinsi kilivyopotea safarini, jinsi jeshi zima lilivyosimama mahali pasipo na maji kwa ajili yake, watu wakanung'unika hadi kwa Abubakar, na asubuhi ikateremka ruhusa ya tayamamu, kisha ngamia alipoinuliwa, kidani kikaonekana chini yake. Kitinda mimba wetu alitaka kujua ngamia alikuwa anajua au hajui. Mbali, treni ya abiria ya Nairobi ilipita juu ya tuta lake, madirisha yote yakiwaka, na hapana shaka hakuna aliyetazama nje.

Asubuhi ya pili tuliamshwa na nyuki.

Walikuwa chini ya gari, mamia, wametanda juu ya udongo kama kitambaa kinachotetemeka. Tulidhani wamehamia. Mzee alipokuja kutujulia hali alitazama kwa mbali akasema neno moja tu, "Maji." Na ndivyo ilivyokuwa. Katika mitikisiko ya njia ya mawe, kibano cha chuma kinachoukaza mpira wa maji kwenye tangi kilikuwa kimelegea. Usiku kucha tangi lilikuwa likidondoka taratibu, na sisi juu yake tukitazama nyota. Tulilala juu ya lita mia moja, na tulipopima kwa kijiti asubuhi hazikubaki hata lita kumi. Udongo ulikuwa umekwisha kuzinywa. Palibaki unyevu wa kutosha nyuki tu.

Mitungi minne ilikuwa mizima. Ukitoa ule wa rejeta, tulibaki na lita 60 kwa siku mbili za watu sita. Baba wa nyumba alitaka kuwasha gari akanunue maji kituoni, lakini mzee alisema mfereji wa kituoni haukuwa umetoa kitu tangu mwanzo wa wiki. Kurudi nyumbani lilikuwa jambo jepesi na la busara, na tunakiri kwamba hatukurudi kwa sababu ya kiburi. Tuliwakusanya watoto tukawatangazia sheria mpya: maji ya kunywa kwa kikombe, vyombo kusuguliwa kwa majivu na kupanguswa, na Swala kwa tayamamu.

Hatuandiki fatwa, mwenye suala amwendee shekhe wake. Lakini tuliyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba maji yanayohitajiwa kwa kiu, iwe ya mtu au hata ya mnyama, hayatumiwi kwa udhu. Mtu hutafuta udongo safi wenye vumbi, wakati wa Swala ukiwa umeingia, akapiga mara mbili, mara moja kwa uso na mara moja kwa mikono hadi viwiko, na kila Swala ya faradhi kwa tayamamu yake. Udongo wa Taru hauna upungufu wa vumbi. Watoto walitoka na nyuso nyekundu wakachekana.

Bibi hakupiga udongo. Alisema, "Tayamamu ni ya asiye na maji. Hayo hapo ninayaona." Tukamwambia ni ya kunywa. Hakujibu, akachukua kikombe chake cha asubuhi, akaenda nyuma ya mbuyu. Tulidhani amekwenda kunywa.

Mchana, jua likiwa limesimama, alikuwa ameketi kivulini akichambua choroko, tukaona choroko zinamwagika. Alikuwa anajaribu kuinuka na miguu haikumtii. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alipotutazama ilichukua muda kabla hajatutambua. Tulimlaza, tukamlowesha kitambaa kichwani, tukamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Binti yetu ndiye aliyegundua nyuma ya mzizi wa mbuyu vikombe viwili vilivyofunikwa kwa sahani: kimoja kilichobaki cha asubuhi, kimoja cha saa nne. Hakuwa amekunywa tangu jana yake. Alikuwa akiweka fungu lake la kunywa litoshe udhu, ili asipunguze la mtu mwingine yeyote.

Tunaandika haya kwa aibu. Tulikuwa tumehesabu lita za kila mtu, tukaandika katika daftari, na hatukuangalia kama anayezipewa anazinywa. Mzee hukauka upesi kuliko kijana, na aghalabu hahisi kiu yake. Hilo tunalijua; tumelisoma mara nyingi wakati wa Ramadhani katika kurasa hizi hizi.

Kijana alikuwa amekimbia bomani bila kutumwa. Alirudi na mke wa mzee, na nyuma yao punda na mitungi miwili. Mama yule alikuwa ametoka kuteka tangu kabla ya jua kuchomoza. Alikuwa bado na kamba begani. Alimshusha punda mtungi mmoja akauweka mbele yetu, wala hakutupa nafasi ya kukataa. Tuliona vidole vyake, tukajua mtungi ule una uzito gani na umetoka wapi. Ndani ya ardhi ya ukanda huu limelazwa bomba linaloteremsha maji ya chemchemi za Mzima hadi Mombasa, na yeye hutembea.

Aliketi karibu na Bibi akamshika mkono. Wakaamkiana, wakaulizana watoto na wajukuu, kwa taratibu, kana kwamba hapakuwa na lililotokea. Kisha akasema, "Dada yangu, huku kwetu maji ya kwanza ni ya koo. Ya pili ni ya mbuzi. Mungu anajua tulivyo." Bibi alitazama mtungi muda mrefu. Akaomba chai. Tuliichemsha kwa maji yale, ina ladha ya udongo kidogo, wakanywa wote wawili vikombe viwili vya sukari nyingi. Alasiri ilipoingia Bibi alinyoosha mkono, akauliza udongo upi ni safi, na mama yule akamwonyesha.

Neno Nyika tumelitumia humu kama jina la nchi. Wasomaji wa umri wetu wanajua kwamba pwani lilitumika pia kama jina la watu, na halikuwa jina la heshima. Jioni ile Bibi alitutajia hilo mwenyewe, kwa sauti ndogo, akasema katika ujana wake alilisema mara nyingi bila kufikiri, sokoni, akinunua mkaa. Hakuongeza kitu, nasi hatukumwuliza.

Tungeondoka siku ile ile, lakini yeye ndiye aliyekataa. Tulilala usiku wa pili kando ya boma, na maji tukayapima kwa kijiko. Asubuhi ya Jumapili tulikaza kibano kwa bisibisi, kazi ya dakika moja, tukakunja godoro. Lita 20 za rejeta, ambazo gari halikuzihitaji, tulizimimina katika mtungi wa mama yule ili urudi umejaa. Na kwa kuwa huku kwetu chombo cha jirani hakirudi hivi hivi, Bibi alifunga juu yake kanga yake moja mpya, tende zilizobaki na nazi nne alizokuwa amebeba bila kutuambia ni za nini. Tulipofika kuaga, mzee alitoka na chupa ya asali ya mizinga yake, akamkabidhi kitinda mimba wetu, akamwambia ndiyo maji yenu hayo, nyuki wameyarudisha.

Tumemwalika mama yule na mumewe Diani katika likizo ya Desemba, inshallah. Amesema atakuja ikiwa mvua ya vuli itanyesha, kwa kuwa isiponyesha hawezi kuwaacha mbuzi. Gari limekwisha kutiwa vibano viwili badala ya kimoja, na mitungi itakuwa minane. Bibi ameagiza kikombe chake kiwe na alama, ili tukione kikipungua.